Haja kubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi tena na tena kliniki, dukani kwa mfamasia na kwenye simu za ndugu, mengi yakiulizwa kwa sauti ya chini baada ya maswali mengine yote kwisha. Yamepangwa kuanzia jinsi mwili unavyofanya kazi hadi hali zisizo za kawaida. Kama umeona damu au choo cheusi, au una mtoto anayeharisha sasa hivi, anza na sehemu ya nne na ya tano. Mengine yanaweza kusubiri.

## 1. Mwili unavyofanya kazi

Choo kikubwa ni nini hasa? Ni mabaki ya chakula tu?

Mabaki ya chakula ni sehemu yake moja tu. Takriban robo tatu ya kinyesi ni maji. Katika ile robo iliyobaki, sehemu kubwa ni bakteria, walio hai na waliokufa, kutoka utumbo mpana. Kinachofuata ni nyuzinyuzi za mimea ambazo mwili hauwezi kuzisaga, mafuta kidogo, chumvichumvi, ute, na seli za ukuta wa utumbo zinazobanduka kila siku na kupisha mpya.

Ndiyo maana mgonjwa ambaye hajala kwa siku kadhaa, analishwa kwa dripu tu, bado anaweza kupata choo. Ndugu wa mgonjwa hushtuka na kuuliza kimetoka wapi. Kimetoka kwenye utumbo wenyewe.

Tofautisha pia na mkojo. Taka nyingi zinazotokana na kazi za mwili, kama urea, husafirishwa na damu hadi kwenye figo na kutoka kwa mkojo, na hewa chafu ya kaboni hutoka kwa mapafu. Kinyesi kwa sehemu kubwa ni kile ambacho hakikuwahi kuingia kwenye damu, pamoja na taka chache ambazo ini huzimwaga utumboni kupitia nyongo.

Chakula huchukua muda gani hadi kutoka?

Kwa watu wengi ni kati ya siku 1 na 3. Tumboni hukaa saa 2 hadi 5, zaidi kama kilikuwa na mafuta mengi. Utumbo mwembamba hukipitisha kwa saa chache. Muda mrefu hupotea kwenye utumbo mpana, ambao una urefu wa kama mita 1 na nusu tu lakini unaweza kukaa na mzigo siku nzima au mbili.

Ukitaka kujua wako unakwendaje, kula mahindi ya kuchemsha mlo mmoja, kisha usiyale tena mahindi kwa siku kadhaa huku ukiendelea na vyakula vingine, na uangalie yatatokea lini. Njia hii haihitaji maabara, na inatoa picha nzuri kiasi.

Utumbo mpana unafanya nini siku nzima hiyo?

Unakausha. Kwa siku moja, utumbo mwembamba hupokea kama lita 9 za majimaji: lita 2 hivi tulizokunywa na kula, na nyingine ni mate, juisi za tumbo, nyongo na juisi za kongosho. Nyingi hunyonywa humo humo. Lita 1 na nusu hadi 2 hufika kwenye utumbo mpana, nao huzirudisha mwilini karibu zote, hivi kwamba kinachotoka na kinyesi ni mililita 100 hadi 200 tu.

Ukilielewa hilo umeelewa matatizo mawili makubwa ya choo kwa mpigo. Mzigo ukipita haraka kuliko kawaida, maji hayawahi kunyonywa na unaharisha. Ukikaa mno, maji yanaendelea kunyonywa hadi choo kinakuwa kigumu.

Kwa nini choo ni cha kahawia hata nikila mchicha?

Rangi hiyo chanzo chake ni damu. Seli nyekundu za damu huishi kama siku 120, kisha huvunjwa. Mabaki yake, bilirubini, huchukuliwa na ini na kumwagwa utumboni ndani ya nyongo. Bakteria huibadilisha hatua kwa hatua hadi kuwa sterkobilini, yenye rangi ya kahawia. Kwa hiyo choo kikipoteza rangi kabisa, tatizo liko kwenye njia ya nyongo (tazama swali la choo cheupe, sehemu ya 5).

Mwili unajuaje kwamba wakati wa kwenda umefika?

Hapa kuna ustadi ambao watu wengi hawajawahi kuelezwa. Mzigo unaposukumwa hadi kwenye puru, yaani chumba cha mwisho cha utumbo mpana, kuta zake hutanuka na mishipa ya fahamu hupeleka taarifa. Njia ya haja kubwa ina misuli miwili ya mviringo inayoibana. Wa ndani haupokei amri yako: puru ikitanuka, unalegea wenyewe. Unapolegea, kiasi kidogo cha kilichomo hugusa ngozi ya juu ya njia hiyo, na ngozi hiyo ina hisia kali kiasi cha kutofautisha hewa, majimaji na kitu kigumu. Ndiyo maana mtu anaweza kutoa hewa katikati ya watu bila ajali.

Msuli wa nje uko chini ya amri yako. Kuna na msuli mwingine unaozunguka nyuma ya puru na kuivuta mbele, ukatengeneza kona inayozuia mzigo kuteremka. Ukiamua kwenda, msuli wa nje na huu wa kona hulegea, njia hunyooka, kisha tumbo na kiwambo (msuli ulio chini ya mapafu) husukuma kidogo. Ukiamua kubana, puru hulegeza kuta zake, hisia hupotea baada ya dakika chache, na mzigo hubaki ukiendelea kukauka.

Kubana mara moja njiani kwenye basi hakuna madhara. Kubana kila siku kwa miezi huizoesha puru kukaa imejaa, na hisia yenyewe inafifia.

Kwa nini nikimaliza chai ya asubuhi nabanwa?

Tumbo likipokea chakula, utumbo mpana hupata ishara ya kusukuma ulichonacho ili kupisha. Ishara hii ina nguvu zaidi asubuhi, kwa sababu utumbo mpana huamka pamoja nawe baada ya usiku wa utulivu. Kahawa huichochea zaidi. Kwa watoto wachanga ipo wazi kabisa: wananyonya, wanajaza nepi.

Mtu anayesumbuliwa na choo kigumu aitumie nafasi hii. Aamke mapema kidogo, anywe uji au chai, kisha aende chooni bila haraka hata kama hajabanwa sana. Anayekurupuka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala bila kula chochote anaipoteza nafasi bora ya siku.

Mbona mahindi, kunde na maganda ya nyanya hutoka vilevile?

Ganda la nje ni selulosi, na mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuivunja. Ndani mara nyingi kumeshasagwa, kinachoonekana ni ganda. Kutafuna vizuri husaidia. Si dalili ya ugonjwa.

Na ushuzi unatokana na nini?

Hewa tunayomeza, pamoja na gesi ambazo bakteria hutengeneza wanapochachusha vyakula kama maharage, kabichi na viazi vitamu. Gesi nyingi hazina harufu. Harufu hutokana na kiasi kidogo sana cha gesi zenye salfa. Kujamba mara 10 hadi 20 kwa siku ni kawaida. Kinachohitaji daktari haraka ni kinyume chake: tumbo limevimba, linauma, unatapika, na hutoi choo wala hewa. Hiyo huenda ni utumbo kuziba au kujisokota, na inahitaji hospitali saa hiyo hiyo.

## 2. Kipi ni kawaida

Mtu mzima anatakiwa kwenda mara ngapi?

Kuanzia mara 3 kwa siku hadi mara 3 kwa wiki, yote ni kawaida, mradi choo ni laini na hujikamui. Imani kwamba asiyekwenda kila siku anajaza sumu mwilini imewaingiza watu wengi kwenye dawa za kuharisha wasizozihitaji. Angalia zaidi mabadiliko: mtu aliyekuwa akienda kila asubuhi kwa miaka, ghafla akabadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, anapaswa kupimwa.

Choo kizuri kinaonekanaje?

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, Lewis na Heaton, walichapisha kipimo cha maumbo 7 ambacho hospitali nyingi duniani hukitumia hadi leo. Namba 1 ni vipande vigumu vilivyotengana, kama mavi ya mbuzi. Namba 2 ni kirefu lakini chenye mabonge. Namba 3 na 4 ni kirefu, chenye nyufa kidogo au laini kabisa, na ndiyo hali njema. Namba 5 ni vipande laini, 6 ni rojorojo, 7 ni maji matupu. Ukienda kliniki na kusema "ni namba 1 tangu mwezi uliopita", umempa daktari taarifa nzuri kuliko kusema "tumbo linanisumbua".

Kuchuchumaa au kukaa, kipi bora?

Kuchuchumaa hunyoosha ile kona ya puru vizuri zaidi, kwa hiyo choo hutoka kwa nguvu ndogo. Choo cha kukaa hakina dosari kwa mwenye choo laini. Kama unacho na unajikamua, weka kijistuli chini ya miguu magoti yapande juu ya kiuno, inama mbele kidogo. Kwa wazee na wenye magoti mabovu, choo cha kukaa ni salama zaidi; tusiwalazimishe kuchuchumaa.

Kukaa chooni na simu kuna ubaya?

Ndiyo. Mtu aliyeketi kwenye tundu la choo kwa muda mrefu huacha mishipa ya damu ya eneo lile ikijaa bila kuegemezwa, na hiyo inachangia bawasiri. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Kama hakijatoka, inuka, utarudi ukibanwa.

## 3. Choo kigumu

Kinasababishwa na nini?

Mara nyingi ni mambo matatu kwa pamoja: nyuzinyuzi chache kwenye chakula, maji kidogo, na kubana. Kukaa siku nzima bila mwendo huongeza. Zipo pia dawa zinazofunga choo: za maumivu zenye kodeini au mofini, vidonge vya kuongeza damu, na baadhi ya dawa za kiungulia. Ugonjwa wa tezi ya shingo na kisukari cha muda mrefu navyo vinaweza kuwa chanzo, kwa hiyo tatizo lisiloisha lisiachwe kwa mfamasia peke yake.

Kweli ugali wa dona unasaidia kuliko wa sembe?

Kweli. Sembe imeondolewa pumba, na pumba ndiyo yenye nyuzinyuzi. Nyuzinyuzi hushika maji, hulisha bakteria, na kukifanya choo kiwe kingi na laini, hivyo utumbo unapata kitu cha kusukuma.

Ushahidi mmoja mashuhuri ulitoka jirani. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi huko kwa miaka mingi, aliona kwamba magonjwa ya utumbo mpana aliyoyajua Ulaya yalikuwa nadra kwa wagonjwa wake. Baadaye yeye na wenzake walilinganisha choo cha watu wa sehemu mbalimbali na kuchapisha matokeo mwaka 1972. Wanavijiji wa Uganda walitoa wastani wa gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa kama saa 36. Mabaharia wa Uingereza na wake zao walitoa gramu 104, na kilichukua saa 83. Leo wengi wetu tunaoishi mijini, kwa chipsi, mkate mweupe na sembe, tumehamia upande wa mabaharia.

Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima, na gramu 400 za mboga na matunda. Kwa lugha ya jikoni: maharage au kunde, mboga ya majani kila mlo mkuu, papai au embe au pera, na dona badala ya sembe. Ongeza pole pole ndani ya wiki mbili, la sivyo gesi itakusumbua. Dona isagwe kutoka mahindi yaliyokauka vizuri na yasiyo na ukungu, ili kuepuka sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu.

Nikinywa maji mengi tu, kitalainika?

Kama ulikuwa hunywi vya kutosha, ndiyo. Kama unakunywa vya kutosha, ziada itaishia kwenye mkojo. Maji hufanya kazi yakikuta nyuzinyuzi za kuyashika.

Vidonge vya kuongeza damu vimenifunga choo. Niache?

Usiache bila kuongea na muuguzi wa kliniki. Upungufu wa damu, hasa wakati wa ujauzito, ni hatari kuliko choo kigumu. Fuata ushauri wa chakula uliotangulia, na uulize kama kuna aina nyingine au dawa salama ya kulainisha. Choo kuwa cheusi wakati wa vidonge hivi ni kawaida.

Sanamaki, mafuta ya nyonyo na dawa za "kusafisha tumbo" vinafaa?

Sanamaki ni dawa ya kweli. Hospitali nazo hutumia vidonge vyake. Huchochea utumbo na hufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12, kwa hiyo hunywewa usiku. Kwa siku chache ni sawa. Kuitumia kila wiki "kutoa uchafu" ni jambo jingine. Utumbo hauna taka za miaka zilizoganda ukutani: ukuta wake hubadilisha seli kila baada ya siku chache, na madaktari wanaoingiza kamera huko ndani hawaoni matabaka hayo yanayotangazwa. Kilo zinazopungua baada ya kuharishwa ni maji, na hurudi ukinywa.

Mafuta ya nyonyo asipewe mjamzito, maana yanaweza kuchochea uchungu. Na tunawaomba wazazi na mabibi kwa moyo wote: msimwekee mtoto mchanga dawa za mitishamba kwa njia ya haja kubwa. Ukuta wa utumbo wake ni mwembamba, unaumia, na sumu huingia kwenye damu haraka.

Kila Ramadhani nafunga choo. Nifanyeje?

Kunywa maji kidogo kidogo kuanzia futari hadi daku, badala ya kuyabugia yote kwa pamoja. Anza futari na tende na maji, weka uji, matunda na mboga kabla ya sambusa na bajia. Kwenye daku kula kitu chenye nyuzinyuzi. Ile ishara iliyoelezwa kwenye swali la chai ya asubuhi utaipata baada ya futari, basi usiibane ukikimbilia tarawehe; kwenda chooni kwanza ni bora.

Mwanangu hataki kwenda chooni shuleni. Ni ukaidi?

Mara nyingi si ukaidi. Ukienda kukitazama choo chenyewe utaona mlango usiofungika, sakafu yenye maji, ndoo tupu, na foleni ya watoto wanaochekana. Mtoto anabana hadi jioni. Choo kinakuwa kigumu, kinamuumiza akikitoa, kesho anabana zaidi kwa kuogopa maumivu. Baada ya miezi puru imetanuka, na choo laini huanza kuvuja kwenye chupi bila yeye kujua. Hapo ndipo huchapwa, na kuchapwa huongeza tatizo.

Mpe nafasi ya kwenda nyumbani baada ya uji wa asubuhi, mpeleke kituo cha afya apate dawa ya kulainisha (matibabu huchukua miezi), na suala la vyoo lipelekwe kwenye kikao cha wazazi. Kitasa na maji ni dawa kwa darasa zima.

## 4. Kuharisha

Lini tuseme ni kuharisha, na tufanye nini?

Choo cha majimaji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24. Anayeua ni upungufu wa maji na chumvi, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kurudisha vilivyopotea. Pakiti moja ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) iingie kwenye lita 1 ya maji safi, yote kwa pamoja, usigawe pakiti. Mchanganyiko ukipita saa 24, mwaga na utengeneze mwingine. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, wa miaka 2 hadi 10 mililita 100 hadi 200, mtu mzima kadiri anavyotaka. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kijiko kwa kijiko. Kama pakiti hakuna: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visivyo na kilima.

Mtoto apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi 6. Aendelee kunyonya na kula. Kumnyima chakula "tumbo lipumzike" humdhoofisha.

Nenda kituoni haraka ukiona macho yameingia ndani, utosi wa mtoto umebonyea, hakojoi, amelegea, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi pole pole, au kuna damu kwenye choo. Choo kinachotoka mfululizo kama maji yaliyooshewa mchele huenda ni kipindupindu. Anza ORS njiani, usisubiri kufika.

Anaharisha kwa sababu anaota meno, sivyo?

Kuota meno hakumharishi mtoto. Umri wa kuota meno ndio umri wa kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, na vijidudu huingia hapo. Ukiamini ni meno, unachelewa kumpa ORS.

Ubaya zaidi ni kumpeleka kung'olewa "meno ya plastiki". Kinachokwanguliwa kwenye ufizi ni vichipukizi vya meno yake halali. Mtoto ambaye tayari hana maji mwilini anaongezewa kidonda, damu na hatari ya pepopunda.

## 5. Damu, rangi na wadudu

Nimeona damu. Ni bawasiri tu?

Labda. Damu nyekundu mbichi inayodondoka baada ya choo au kubaki kwenye karatasi mara nyingi ni bawasiri, ambayo wengine huiita mgoro, au ni mpasuko mdogo, ambao unauma sana wakati choo kinapita. Vyote hutibika, na hatua ya kwanza ni kulainisha choo.

Lakini "labda" haitoshi. Wazee wetu wana tabia ya kukaa na daktari, kueleza mgongo, magoti na usingizi, na kusema habari ya damu wakiwa wameshashika kitasa cha mlango. Sema mwanzoni. Saratani ya utumbo mpana nayo huanza kwa damu, na huonekana kama bawasiri kwa anayejitibu kwa mafuta na mitishamba. Nenda upimwe hasa kama damu imechanganyika na choo, umepungua uzito, unahisi haja haijaisha hata ukitoka chooni, mwendo wa choo umebadilika kwa wiki kadhaa, una upungufu wa damu usioelezeka, au ndugu wa damu aliwahi kuugua. Daktari ataingiza kidole chenye glavu. Ni kipimo cha dakika moja na hakipunguzi heshima ya mtu.

Choo cheusi kina maana gani?

Kama unatumia vidonge vya kuongeza damu na choo ni cheusi chenye ukijani, bila kunata, ni rangi ya madini ya chuma. Kama ni cheusi kama lami, kinanata na kina harufu kali isiyo ya kawaida, ni damu iliyomeng'enywa kutoka juu, mara nyingi kidonda cha tumbo. Wanaomeza dawa za maumivu kama diklofenaki kila siku wako hatarini zaidi. Ni dharura, hata kama huna maumivu.

Choo chekundu baada ya kula bitiruti hakina shida; kitarudi kawaida ndani ya siku mbili.

Choo cheupe?

Choo cha rangi ya majivu au chokaa, pamoja na mkojo wa rangi iliyokolea na macho ya njano, ni dalili kwamba nyongo haifiki utumboni. Kwa mtu mzima ni safari ya hospitali wiki hiyo hiyo. Kwa mtoto mchanga ni haraka zaidi: kuna ugonjwa ambao njia za nyongo zimeziba, na upasuaji hufaulu vizuri zaidi ukifanyika kabla hajafikisha miezi 2. Manjano yanayoendelea baada ya wiki mbili tangu kuzaliwa yasiachiwe jua la asubuhi.

Nimeona mnyoo, au najikuna usiku. Ni minyoo gani?

Mrefu na mviringo kama wa udongo ni mchango. Midogo myeupe kama uzi, inayowasha usiku, hutaga mayai nje ya njia ya haja kubwa. Hapo nyumba nzima itibiwe, kucha zikatwe na mashuka yafuliwe. Safura huwa hamuoni: huingia kwa ngozi ya miguu, hunyonya damu, na kumwacha mtu mweupe wa viganja. Dawa ya kawaida ni albendazoli, lakini mjamzito na mtoto wa chini ya mwaka wapate kwanza ushauri.

Wanaoishi au kuoga kwenye Ziwa Victoria wakumbuke kichocho cha tumbo. Huleta damu kwenye choo, na dawa yake ni nyingine, prazikwanteli.

Kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara, kweli?

Kina vijidudu kama cha mkubwa. Kitupwe chooni, na mikono ioshwe kwa sabuni.

## 6. Hali zisizo za kawaida

Mtoto anayenyonya hajapata choo siku ya tano. Tumpe kitu?

Kama amevuka mwezi, ananyonya vizuri, anakojoa, anaongezeka uzito, tumbo ni laini, na choo kikija ni laini, usimpe chochote. Baadhi ya watoto wanaonyonya maziwa ya mama tu hukaa hadi wiki.

Choo cha kwanza kabisa, kile cheusi cha kunata, ni suala tofauti. Kinatakiwa kutoka ndani ya saa 24 hadi 48 baada ya kuzaliwa. Kisipotoka, kuna uwezekano njia haikutengenezeka au sehemu ya utumbo haina mishipa ya fahamu ya kusukuma. Mkunga aangalie kabla mama hajaruhusiwa.

Bibi yetu alifunga choo wiki nzima, sasa anaharisha bila kujizuia. Tumpe dawa ya kuzuia?

Hapana. Kwa mzee anayelala kitandani hii mara nyingi ni choo kigumu kilichoziba puru, na majimaji ya juu yanapenya pembeni. Dawa ya kuzuia kuharisha itakaza zaidi. Anahitaji muuguzi amkague, kisha enema (maji ya dawa yanayoingizwa kwa njia ya haja kubwa) au kutolewa kwa mkono wenye glavu, na baadaye dawa ya kulainisha ya kila siku. Asijikamue, hasa kama ana ugonjwa wa moyo: kujikamua hushusha na kupandisha presha ghafla, na wazee huzirai chooni.

Tangu nijifungue, kinyesi kinavuja ukeni. Kuna tiba?

Ipo. Hiyo ni fistula: uchungu wa muda mrefu, kichwa cha mtoto kikibana nyama kwa saa nyingi hadi zinakufa na kuacha tundu. Haikutokana na laana wala uzembe wako. Hufungwa kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, hutibu fistula bila malipo. Wanawake waliokaa nayo miaka mingi wamepona. Kama hakuna tundu lakini huwezi kuzuia hewa au choo, huenda msuli ulichanika wakati wa kujifungua, nao hutibika.

Daktari amesema nitawekewa mfuko tumboni. Mtu anaishi bila puru, au bila utumbo mpana?

Anaishi, anafanya kazi, anazaa. Mpasuaji hutoa ncha ya utumbo nje kupitia ngozi ya tumbo, na choo huingia kwenye mfuko uliobandikwa hapo. Wengine huwekewa kwa miezi michache tu, utumbo upone, kisha unarudishwa ndani.

Ncha hiyo ni nyekundu na yenye unyevu, na haina hisia ya maumivu; ikitoka damu kidogo ukiifuta usishtuke. Haina msuli wa kubana, kwa hiyo choo hutoka kwa wakati wake. Mwaga mfuko ukifika theluthi au nusu, kabla uzito haujaung'oa. Safisha ngozi kwa maji ya uvuguvugu, kausha vizuri, na kata tundu la mfuko lilingane na ncha, maana ngozi iliyoachwa wazi huunguzwa na kinyesi.

Kama ni utumbo mwembamba uliotolewa nje, choo kitakuwa majimaji, kwa sababu ile kazi ya kukausha haifanyiki tena. Utahitaji maji na chumvi zaidi ya wengine, na pakiti za ORS zisikosekane ndani, hasa msimu wa joto. Ncha ikigeuka zambarau au nyeusi, au mfuko ukikaa mtupu kwa saa nyingi huku tumbo linauma na unatapika, nenda hospitali bila kusubiri kukuche.